Kesi kubwa ya mauaji na kelele za "anyongwe": hukumu ya kifo Tanzania inapita wapi hadi ikwame?

#1 MasjalaKuu

Wakuu, heshima kwenu.

Kesi ya mauaji ikishashika kurasa za mbele, watu wanagawanyika hata kabla shahidi wa kwanza hajaapa. Huku "anyongwe hadharani", kule "adhabu ya kifo ni ushenzi". Pande zote mbili zinamkodolea macho jaji kana kwamba kamba iko mkononi mwake. Haiko. Naweka utaratibu hapa ili tubishane juu ya kitu kilichopo.

Kifungu cha 196 cha Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, kinaeleza kosa la mauaji: kusababisha kifo cha mtu kwa dhamira ovu. Cha 197 kinatoa adhabu, nayo ni moja tu, kifo. Lugha yake ni ya amri, haina "anaweza kuhukumiwa". Ndiyo maana mshtakiwa akishatiwa hatiani, wakili akasimama kuomba mteja wake apunguziwe kwa kuwa ana watoto wadogo, anaumwa na ni mkosaji wa mara ya kwanza, jaji anasikiliza kwa adabu, anaandika, kisha anatamka kunyongwa hadi kufa. Maombi yale hayana pa kutua. Wanaotolewa kwenye mkondo huo ni wawili: mwanamke mjamzito, ambaye hupewa kifungo cha maisha, na aliyekuwa chini ya miaka 18 alipotenda kosa, ambaye huzuiliwa kwa amri ya Rais.

Kwa hiyo swali la "jaji atampa kifo au maisha?" kwa Tanzania Bara halipo (Zanzibar wana sheria yao ya adhabu, nawaachia wenyewe). Swali lililopo linakuja kabla ya hapo: je, ni mauaji ya 196, ni kuua bila kukusudia ya 195, au ni kuachiwa? Shingo inaokolewa au inapotea hapo, na hapo ndipo wachangiaji wengi hawapachungulii.

Dhamira ovu haipimwi kwa sura ya mshtakiwa wala kwa alivyolia kizimbani. Mahakama ya Rufani katika Enock Kipela dhidi ya Jamhuri ilitaja vya kutazama, na mawakili wote wa jinai wanavijua kwa kichwa: aina na ukubwa wa silaha, nguvu iliyotumika, sehemu ya mwili iliyolengwa, idadi ya mapigo, aina ya majeraha, maneno ya mshambuliaji kabla, wakati na baada ya tukio, na mwenendo wake kabla na baada. Panga moja la shingo linaweza kutosha. Ngumi mbili za ugomvi wa baa, marehemu akaanguka na kugonga kichwa sakafuni, kwa kawaida hazifiki huko. Aliyefukia mwili na kufuta damu anajijengea dhamira mwenyewe. Aliyempakia majeruhi kwenye gari kumkimbiza hospitali anaibomoa kwa kiasi fulani.

Karibuni, ila tuheshimu kitu kimoja: tusitaje majina ya mashahidi wa kesi zinazoendelea.


#2 KambaMpya

Mleta uzi umeandika vizuri lakini umezunguka. Ameua kwa makusudi, auawe. Sheria imesema hivyo, wewe mwenyewe umenukuu. Shida ya nchi hii si sheria, shida ni kwamba kamba imeota kutu. Watu wanahukumiwa kunyongwa kila mwaka na hakuna anayenyongwa. Hiyo ni hukumu au ni maigizo?

Na hilo la "kuua bila kukusudia" ndilo dirisha la wenye pesa. Mnalijua.


#3 MasjalaKuu

Mkuu KambaMpya, la kamba nitalifikia. Nianze na dirisha.

Mfano ambao kila mtu anaukumbuka ni kifo cha msanii Steven Kanumba, Aprili 7, 2012. Shtaka la kwanza dhidi ya msanii mwenzake Elizabeth Michael (Lulu) lilikuwa mauaji. Baadaye Mkurugenzi wa Mashtaka (DPP) akalishusha kuwa kuua bila kukusudia, na ndiyo sababu dhamana ikawezekana, kwa kuwa shtaka la mauaji halina dhamana. Hukumu ilitoka Novemba 13, 2017: kifungo cha miaka 2. Mitandao iliwaka, nusu wakisema ni kidogo na nusu wakisema hakustahili hata siku moja. Lakini tazama vipimo nilivyoweka juu. Chumbani, ugomvi wa wawili, hakuna silaha, hakuna shahidi wa macho. Dhamira ovu ungeitoa wapi?

Adhabu ya juu ya 195 ni kifungo cha maisha, kwa hiyo si mteremko kama watu wanavyodhani. Mwongozo wa utoaji adhabu wa Mahakama unagawa ngazi tatu: ya juu, miaka 10 hadi maisha, ya kati, miaka 4 hadi 10, ya chini, isiyozidi miaka 4. Silaha ya hatari na shambulio la kikatili la muda mrefu vinakupeleka juu. Kuchokozwa na kutokuwa na silaha vinakushusha.

Kushusha shtaka kunakwenda hivi. Wakili wa utetezi anaiandikia ofisi ya mashtaka kwamba mteja yuko tayari kukiri kosa dogo. Wanapima ushahidi walio nao. Wakikubali, siku ya kusomewa shtaka Mahakama Kuu hati inabadilishwa, mshtakiwa anakiri, kisha anasomewa maelezo ya tukio na kuulizwa kama ni ya kweli. Hapo ndipo wengi wanapoharibu: amekiri shtaka, lakini akisomewa maelezo anasema "yeye ndiye alinivamia kwanza, nilikuwa najiokoa". Hilo si kukiri tena, ni kujitetea. Jaji anaandika kuwa amekana, na kesi inaanza upya kwa mashahidi. Wakili aliyemwandaa mteja gerezani kwa dakika kumi siku ya kesi yenyewe ndiye anayezaa mambo haya.

Wakili wa kupewa na serikali yupo kwenye kila kesi ya mauaji ambayo mshtakiwa hana uwezo. Malipo yao ni madogo na wengi wanamwona mteja kwa mara ya kwanza siku hiyohiyo. Kama unatafuta dirisha la wenye pesa, KambaMpya, ni hilo: aliye na wakili wake anaanza kujadiliana na DPP mapema, asiye naye anasubiri.


#4 RufaaKwanza

Nakazia, halafu niongeze kitu kinachowauma wengi: kelele zetu zinaharibu kesi. Si kwa maana ya maadili. Zinaiharibu kwa maana ya ushahidi.

Gwaride la utambulisho. Kanuni za polisi (PGO 232) zinataka mtuhumiwa mmoja apangwe na watu wasiopungua wanane wanaofanana naye umri, kimo na mwonekano. Shahidi asiwe amemwona tangu tukio. Sasa mtu kakamatwa asubuhi, mchana picha yake iko kwenye magrupu yote akiwa na pingu. Gwaride likifanyika keshokutwa, wakili atauliza swali moja tu: "Shahidi, una simu?" Gwaride limekufa. Na kama shahidi hakutoa maelezo ya mwonekano wa muuaji kwa polisi kabla ya kukamatwa mtu, hata kumnyooshea kidole mahakamani hakuna uzito.

Utambuzi wa usiku nao una kesi yake mama, Waziri Amani dhidi ya Jamhuri ya mwaka 1980. Shahidi lazima aeleze alimwona kwa muda gani, kutoka umbali gani, mwanga ulitoka wapi na ulikuwa mkali kiasi gani, na kama alikuwa akimfahamu kabla. "Kulikuwa na taa" haitoshi. Taa ya aina gani, ilining'inia wapi, ilimulika upande upi? Hiyo kazi ni ya mpelelezi anayeandika maelezo siku ya kwanza, akiiruka hakuna wakili wa serikali anayeweza kuizibia miaka mitatu baadaye. Na shahidi aliyemfahamu muuaji lakini akataja jina lake wiki mbili baadaye, baada ya mtandao kulitaja, anapoteza thamani. Kesi ya Marwa Wangiti Mwita inasema hivyo: kumtaja mtuhumiwa mapema ndiko kunakompa shahidi uaminifu, kuchelewa kunazaa shaka.

Maelezo ya onyo, yaani yale mtuhumiwa anayoyatoa polisi baada ya kuonywa. Polisi wana saa nne tangu mtu awe chini ya ulinzi kumhoji na kuyaandika. Muda unaotumika kumsafirisha hauhesabiwi, na mkuu wa kituo anaweza kuongeza hadi saa nane nyingine, zaidi ya hapo hadi hakimu. Kesi ikiwa kubwa, viongozi wanataka kumwonyesha mtuhumiwa kwa waandishi wa habari, anazungushwa vituo vitatu, anaandikwa siku ya tatu bila kuongezewa muda. Mahakama ya Rufani inayafuta maelezo yale kwenye kumbukumbu hata kama kila neno lilikuwa kweli. Na kama mshtakiwa anasema aliteswa, lazima iendeshwe kesi ndani ya kesi kuamua kama alitoa kwa hiari. Jaji akiiruka, yameondoka. Bora wakati mwingine maungamo kwa mlinzi wa amani (ofisa wa mahakama, si polisi), lakini nayo yana masharti yake: mtu aonyeshwe yuko huru, polisi wawe nje, majeraha yakaguliwe.

Vielelezo. Ripoti ya uchunguzi wa maiti au ramani ya eneo la tukio ikipokelewa mahakamani bila kusomwa kwa sauti baada ya kupokelewa, inafutwa. Ndivyo inavyosema kesi ya Robinson Mwanjisi, 2003. Hatua ni tatu na hazipinduliwi: kwanza ombi la kuipokea na nafasi ya kupinga, pili kupokelewa, tatu kusomwa. Wakili akisoma kabla haijapokelewa, kosa. Ikipokelewa ikakaa kimya mezani, kosa.

Kilichonishangaza siku zote ni watu wanaouliza "mbona kisu tulikiona mtandaoni na mahakama inakikataa?" Kesi ya mauaji inaanzia mahakama ya chini ambako mshtakiwa hatakiwi kujibu chochote. Upelelezi ukikamilika, inahamishiwa Mahakama Kuu kwa kikao ambacho maelezo ya mashahidi na orodha ya vielelezo vinasomwa. Kisichosomwa pale hakiletwi baadaye kama mshangao, mpaka upande wa mashtaka utoe taarifa ya maandishi ya kutosha. Kisu kisichokuwa kwenye orodha ni kisu cha mtandaoni tu.


#5 KambaMpya

Basi mnathibitisha nilichosema. Mtu kaua, kakiri, mnamwachia kwa sababu karatasi haikusomwa kwa sauti. Mwambie mama wa marehemu hivyo.


#6 RufaaKwanza

Mkuu, karatasi ikifutwa si lazima mtu aachiwe. Mahakama inauliza kilichobaki kinatosha? Daktari mwenyewe aliyefika kutoa ushahidi akaeleza sababu ya kifo anaokoa kesi hata ripoti yake ikifutwa. Kwa hiyo wakili wa serikali anayejua kazi hategemei karatasi, anamleta daktari.

Pia kuna kurudia kesi. Mahakama ya Rufani inaweza kufuta mwenendo mzima na kuamuru kesi isikilizwe upya, ila haitoi amri hiyo ili upande wa mashtaka upate nafasi ya kuziba mapengo yake. Kanuni hiyo ni ya zamani, Fatehali Manji ya 1966. Kwa miaka mingi sababu kubwa ya kesi za mauaji kurudi chini ilikuwa wazee wa baraza, raia wanaokaa na jaji na kumpa maoni yao: jaji hakuwafafanulia jambo la msingi la sheria, kwa mfano maana ya dhamira ovu au hatari ya ushahidi wa mazingira, basi kesi yote inafutwa. Mtu kakaa miaka minane mahabusu na gerezani, anaanza moja. Marekebisho ya 2022 yakafanya wazee hao wasiwe lazima. Binafsi naona yalichelewa miaka 20.

Na nikuulize wewe unayetaka kamba iwe mpya: kama polisi wanaweza kukosea saa na karatasi, ni kitu gani kinawazuia kukosea mtu?


#7 JiraniWaNamanga

Niingie kutoka upande wa Kenya, maana kwetu hilo la amri ya lazima lilivunjwa.

Kifungu chetu cha 204 kilikuwa kama 197 yenu. Desemba 14, 2017, Mahakama ya Juu katika kesi ya Francis Muruatetu ikasema sehemu inayomlazimisha jaji kutoa kifo inakiuka Katiba. Si adhabu yenyewe iliyofutwa, ni ulazima. Watu wengi hata huku hawajaelewa tofauti hiyo. Kifo kingali kwenye vitabu, na korti inaweza kukitoa.

Ikafuata vurugu. Wafungwa wa wizi wa mabavu na hata wa kunajisi watoto wakamiminika kortini wakiomba hukumu mpya. Mnamo Julai 6, 2021, Mahakama ya Juu ikafafanua: Muruatetu ni ya mauaji ya kifungu cha 204 pekee. Ikatoa pia orodha ya mambo ya kuzingatia: umri wa mkosaji, kama ni kosa la kwanza, kama alikiri, tabia na rekodi yake, kama alitenda akijibu dhuluma ya kijinsia, namna mwathiriwa alivyouawa, athari kwa familia ya mwathiriwa, majuto, na uwezekano wa kurekebika.

Mkitaka kuona hiari ya jaji ikifanya kazi, soma hukumu ya mauaji ya wakili Willie Kimani, mteja wake Josephat Mwenda na dereva wa teksi Joseph Muiruri, waliouawa Juni 2016. Waliotiwa hatiani walikuwa wanne, kesi moja, ushahidi uleule. Februari 3, 2023, Jaji Jessie Lesiit alimpa ofisa wa polisi aliyeonekana kuwa kiongozi wa njama hukumu ya kifo. Wengine walipata miaka 30, 24 na 20. Kila mmoja alipimwa kwa sehemu yake. Chini ya sheria yenu wote wanne wangeambiwa maneno yaleyale.

Na msidhani hiari ina maana ya huruma. Kesi ya mauaji ya Monica Kimani ya 2018, iliyofuatwa na nchi nzima kwenye televisheni, iliisha Machi 13, 2024 kwa Jaji Grace Nzioka kumhukumu Joseph Irungu, yule Jowie, kifo. Hakulazimishwa na mtu. Alipima akachagua. Mjadala uliofuata ulikuwa mzuri kuliko mijadala ya awali, kwa sababu kulikuwa na sababu za kujadili: zimeandikwa ndani ya uamuzi, unaweza kuzipinga moja baada ya nyingine. Kwa 197 utapinga nini? Utapinga Bunge.

Kunyongwa hasa, kwetu mwisho ni 1987, wale wa jaribio la mapinduzi la 1982.


#8 MamaShauri

Ahsanteni. Naomba kuuliza: aliyeachiwa huru na Mahakama Kuu anaweza kuja kuhukumiwa kunyongwa baadaye? Au akishaachiwa ndiyo imetoka?


#9 MasjalaKuu

Anaweza. DPP ana haki ya kukata rufaa. Mfano ni kesi ya wafanyabiashara watatu wa madini kutoka Mahenge na dereva teksi waliouawa Dar es Salaam Januari 2006, ile inayojulikana kama kesi ya Zombe. Mwaka 2009 Mahakama Kuu iliwaachia maofisa wote wa polisi walioshtakiwa. DPP akakata rufaa, ikaondolewa kwanza kwa kasoro za makaratasi, akarudi upya. Septemba 2016 Mahakama ya Rufani ikamtia hatiani ofisa mmoja na kumhukumu kunyongwa, wengine wakabaki huru. Miaka kumi tangu risasi hadi neno la mwisho la rufaa. Waliokuwa wakishangilia 2009 na waliokuwa wakilaani 2009 wote walikuwa wameshasahau.

Sasa hilo la kamba, KambaMpya. Baada ya hukumu, jaji huandaa taarifa yake pamoja na kumbukumbu za ushahidi, akiweka na maoni yake kama anaona kuna sababu ya huruma. Hapo ndipo yale maombi yaliyokosa pa kutua mahakamani yanapoweza kusikika, ingawa hayasikiki hadharani. Rufaa zikiisha jalada linafika kwa Rais, ambaye kwa ibara ya 45 ya Katiba anaweza kusamehe, kuahirisha, au kubadilisha adhabu kuwa nyepesi zaidi. Bila saini yake kwenye hati, mkuu wa gereza hanyongi mtu.

Saini hiyo haijawekwa tangu 1994. Marais wamekuwa wakitumia upande wa pili wa kalamu: Kikwete mwaka 2006 alibadilisha hukumu za kifo kuwa maisha, Magufuli, Septemba 2017, akimwapisha Jaji Mkuu Ibrahim Juma, alisema wazi asipelekewe orodha ya kusaini, na Desemba 9 mwaka uleule akawasamehe wafungwa 61 waliokuwa wakisubiri kunyongwa. Kwa hiyo maamuzi ya nani afe yametoka mahakamani, ambako kuna sababu zilizoandikwa na rufaa, yakaenda mezani ambako hakuna hata kimoja. Upande wowote uliopo, hilo linapaswa kukusumbua.


#10 KambaMpya

Hapo tumekutana, ila kwa sababu tofauti. Hukumu isiyotekelezwa ni uongo kwa familia. Wanaambiwa "atanyongwa", wanarudi kijijini, miaka kumi baadaye wanakutana naye sokoni kwa msamaha ambao hakuna aliyewauliza. Kama serikali haina nia ya kunyonga, ifute, iandike maisha bila msamaha, tujue moja. Kama ina nia, itekeleze. Hii ya katikati ndiyo inayotukana pande zote.


#11 RufaaKwanza

Mkuu, hii ndiyo hoja yako ya kwanza ninayoinunua bila punguzo. Na Uganda waliijibu. Mahakama yao ya Juu, Januari 21, 2009, kesi ya Susan Kigula na wenzake 417, ilifanya mambo mawili: iliondoa ulazima, na ikasema aliyethibitishiwa hukumu na mahakama ya mwisho, asiponyongwa ndani ya miaka mitatu, adhabu yake inageuka kuwa maisha. Baraza la Rufaa la London (Privy Council, mahakama ya mwisho ya rufaa kwa baadhi ya makoloni ya zamani ya Uingereza) lilikuwa limeshasema jambo la karibu na hilo kwa Jamaica mwaka 1993, kwao ni miaka mitano tangu hukumu. Hoja ni kwamba kusubiri kamba kila alfajiri kwa muda mrefu ni adhabu ya pili ambayo hakuna sheria iliyoiandika.

Kwetu Jaji Mwalusanya alishajaribu. Mwaka 1994, Mahakama Kuu Dodoma, kesi ya Mbushuu, alitamka adhabu ya kifo ni kinyume cha Katiba. Mahakama ya Rufani mwaka 1995 ikakubali kwamba ni ya kikatili na ya kudhalilisha (watu hawaamini wakisoma, lakini imo), kisha ikasema inaokolewa na ibara ya 30(2) kwa manufaa ya umma, na kwamba kuamua kama bado jamii inaihitaji ni kazi ya Bunge. Tangu hapo mpira uko bungeni.

Halafu ikaja Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu, palepale Arusha. Ally Rajabu na wenzake dhidi ya Tanzania, Novemba 28, 2019: ulazima wa kifo unakiuka haki ya kuishi kwa sababu unamnyima jaji nafasi ya kumpima mtu, na kunyonga kunakiuka utu. Serikali ikapewa mwaka mmoja kuondoa ulazima huo. Mwaka ukapita, kifungu kikabaki vilevile. Siku chache kabla ya hukumu ile serikali ilikuwa imewasilisha taarifa ya kujitoa kwenye tamko linaloruhusu watu binafsi na asasi kufungua kesi pale moja kwa moja, kujitoa kukaanza kufanya kazi Novemba 22, 2020. Zilizokuwa zimefunguliwa kabla zikaendelea kutolewa hukumu, na kwenye suala la ulazima zimekuwa zikirudia jibu lilelile.


#12 PandeZote

Jamani mbona hakuna anayezungumzia kama inazuia uhalifu? Hilo si ndilo la msingi?


#13 JiraniWaNamanga

Ni la msingi ila halina jibu ambalo kila mmoja angetaka. Baraza la Taifa la Utafiti la Marekani lilipitia tafiti za zaidi ya miaka 30 na mwaka 2012 likahitimisha kwamba hazifai kutumika kuamua kama adhabu ya kifo inapunguza, inaongeza au haigusi idadi ya mauaji. Hazifai kwa upande wowote. Kwa hiyo ukisikia mtu anakuambia "tafiti zimethibitisha", muulize zipi.

Kwa nchi zetu swali lenyewe lina kasoro. Huwezi kupima nguvu ya kuzuia ya kitu ambacho hakijafanyika Kenya tangu 1987 na Tanzania tangu 1994. Rwanda walifuta 2007, Zambia Desemba 2022, Zimbabwe mwisho wa 2024. Kongo (DRC) wakaenda kinyume, Machi 2024 wakaondoa usitishaji wa kutekeleza hukumu za kifo. Kila mmoja aliamua kwa sababu zake za siasa na historia, si kwa jedwali la takwimu.


#14 MamaShauri

Swali la mwisho, na ni la vitendo. Familia ya marehemu ina nafasi gani kwenye kesi? Na ndugu wa aliyehukumiwa, wana siku ngapi za kukata rufaa? Hukumu imesomwa, watu wanalia, hakuna anayeeleza.


#15 MasjalaKuu

Familia ya marehemu: kesi ni ya Jamhuri, DPP ndiye mwenye kuiendesha na kuiondoa. Ndugu wanaingia kama mashahidi, hasa yule aliyeutambua mwili kabla ya uchunguzi. Asipopatikana mtu wa kusema "huyu aliyefanyiwa uchunguzi ndiye fulani", pengo linaonekana. Wanaweza kuweka wakili wa kufuatilia, lakini hahoji mashahidi kama mwenye kesi. Kwenye adhabu ya lazima maumivu yao hayabadilishi kitu, kama ambavyo watoto wa mshtakiwa hawabadilishi kitu. Kenya, kama jirani alivyoeleza, athari kwa familia imo kwenye orodha ya kupimwa. Fidia wanaweza kuidai kwa shauri la madai.

Ndugu wa aliyehukumiwa: siku 30 tangu siku ya hukumu, inawasilishwa taarifa ya nia ya kukata rufaa kwenda Mahakama ya Rufani. Ni ukurasa mmoja. Aliye gerezani anaikabidhi kwa mkuu wa gereza, naye ndiye anayepaswa kuifikisha kwa msajili, kwa hiyo mfungwa asisubiri wakili. Kinachoiangusha ni vitu vidogo: namba ya kesi imekosewa, tarehe ya hukumu imekosewa, haikutajwa kama anapinga kutiwa hatiani, adhabu, au vyote viwili. Kwa kosa la 196 andika vyote viwili, ingawa adhabu yenyewe haina pa kupunguzwa hatia ikisimama. Siku zikipita kuna maombi ya kuongezewa muda, ila utatakiwa kueleza kila siku iliyochelewa.

Baada ya hapo kinasubiriwa kitabu cha mwenendo wa kesi kilichochapwa, na huo ndio usubiri mrefu kuliko wote. Kikifika, msianze na hukumu. Anzeni na kurasa ambazo vielelezo vinapokelewa: tazameni kama kila kimoja kiliombewa, kikapokelewa, kikasomwa. Halafu saa ya kukamatwa na saa ya kuandikwa maelezo ya onyo, ziandikeni pembeni na mhesabu. Halafu shahidi wa utambuzi, alisema nini kuhusu mwanga. Hayo matatu mkiyapata mkampelekea wakili, mmemwokolea wiki nzima.